Utunzaji wa Programu za Linux na Mifongo ya Kilimanjaro: Mlinganisho wa Kihistoria

Nia ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya kazi ambayo wataalamu wengi wa lugha huiona kuwa ya mafundi peke yao, yaani kazi ya kuzitunza programu za kompyuta, na hasa ya kuzifanya zipokee marekebisho zenyewe bila kungoja mkono wa mtu kila siku. Programu zinazozungumzwa hapa ni za jamii ya Linux. Kazi hiyo nimeiweka kando ya nyingine iliyo kongwe zaidi, ambayo watu wa Kilimanjaro waijua vizuri, nayo ni kutunza mifongo, mifereji ya maji iteremkayo kutoka makorongoni mpaka vihambani.

Msomaji aweza kuuliza vitu hivi viwili vyahusianaje. Hakuna aliyetengeneza Linux kwa kuutazama mfongo, wala sidai hivyo. Walakini vyote viwili vyaleta swali moja: kitu kinachotumiwa na wengi, kisichokuwa na bwana mmoja, na kinachoharibika kikiachwa, kitatunzwa na nani, na kwa sheria gani? Swali hilo latuhusu sisi tulio katika elimu ya Kiswahili, kwa sababu programu ikitafsiriwa kwa lugha yetu, tafsiri nayo huingia katika hali hiyo hiyo.

Tuanze na mlima. Wageni walioandika habari za Uchagga katika karne ya 19 waliistaajabia mifongo. Harry Johnston, aliyefika Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1884, aliitaja katika kitabu cha safari yake. Charles Dundas aliieleza mwaka 1924. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekaa miaka mingi Kidia, Moshi ya Kale, aliandika juu ya sheria za Wachagga katika kitabu kilichotoka mwaka 1926. Na mwaka 1974 Fidelis Masao alichapisha uchunguzi wake juu ya umwagiliaji wa Uchagga. Wote hawa walikuta kazi iliyokwisha kamilika zamani, iliyofanywa na wenyeji kwa majembe na kwa kipimo cha macho.

Mfongo huanzia juu, penye korongo la mto. Hapo hujengwa kizuizi cha mawe, matawi na udongo, na maji hugeuzwa yaingie katika mfereji uliochongwa ubavuni mwa kilima. Mteremko wake huwa mdogo mno, kwani maji yakienda kwa kasi hukata ukingo, na yakienda polepole huacha mchanga na kuziba njia. Mfereji hufuata ubavu wa mlima masafa marefu mpaka ufike penye migomba, kahawa na ulezi, na huko hugawanyika katika mifereji midogo. Masika yakija, mafuriko huchukua kizuizi. Kingo hubomoka, majani huziba, na panya hutoboa udongo. Kwa hiyo mfongo uliochimbwa mara moja huendelea kuchimbwa maisha yake yote.

Kwa desturi, mfongo huwa wa ukoo wa yule aliyeuchimba kwanza, na pamoja naye huwa wa wote waliokubaliwa kuutumia. Msimamizi wake, mwenye mfongo, hupanga zamu za maji na kuwaita watu kwa kazi ya pamoja. Mtu asiyefika kazini bila udhuru hutozwa faini, na akishikilia ukaidi hunyimwa zamu yake. Hivyo haki ya maji na wajibu wa kutunza vimefungwa pamoja. Kadhalika kuna nduwa, yaani bwawa dogo linalojengwa njiani. Usiku maji huingia na kujaa watu wakiwa wamelala, na asubuhi mwenye zamu huzibua na kuyapeleka shambani. Nduwa hufanya kazi usiku pasipo kusimamiwa, lakini asubuhi hungoja mtu.

Sasa tuigeukie Linux. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza kiini cha programu endeshi alichokuwa akikitengeneza, na kila mtu akaruhusiwa kukitazama na kukirekebisha. Kiini peke yake hakimfai mtumiaji. Chahitaji mamia ya programu nyingine, na kila moja ina mtengenezaji wake. Hapo ndipo zilipozaliwa jumuiya za kuzikusanya na kuzipanga. Mojawapo iliyo kubwa ni Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Katika jumuiya hiyo kila programu hufungwa katika kifurushi, na kila kifurushi huwa na mtunzaji wake anayejulikana kwa jina, au kikundi cha watunzaji. Mtunzaji si lazima awe mtungaji wa programu. Kazi yake ni kusimama kati ya mtungaji na mtumiaji: kupokea toleo jipya, kulijaribu, kulitia viraka linapohitaji, na kuliweka katika ghala ambamo wengine watalichukua. Kwa cheo hicho hafanani na mchimbaji wa mfongo. Afanana na mwenye mfongo wa baadaye, aliyerithi kazi ya mwingine.

Chombo cha kufungua vifurushi, kiitwacho dpkg, kilitokea mwaka 1994. Walakini kilikuwa na upungufu. Kifurushi kimoja hutegemea kingine, na hicho hutegemea cha tatu, na mtumiaji alilazimika kuvitafuta vyote yeye mwenyewe. Mwaka 1998 kilitolewa chombo kingine, APT, ambacho husoma orodha ya ghala, huhesabu kila kinachohitajiwa, na huleta vyote kwa mpango. Baadaye vifurushi viliwekewa muhuri wa siri wa hesabu, ili kompyuta iweze kuhakikisha kwamba kilicholetwa kimetoka ghalani kweli na hakikuguswa njiani. Vitu hivi viwili, hesabu ya mategemeo na muhuri, ndivyo vilivyofanya iwezekane kumwachia mashine kazi ya kusasisha. Maana kompyuta yaweza kuamshwa saa nane za usiku, ikauliza ghala kama kuna marekebisho ya usalama, ikayaleta, ikayakagua na kuyaweka, na asubuhi mwenyewe asijue kwamba jambo limetendeka. Katika Ubuntu, ambayo ilitoka katika mbegu ya Debian mwaka 2004 na kupewa jina lililo ndugu wa neno letu “utu”, marekebisho ya usalama yalianza kuwekwa namna hiyo kwa kawaida tangu toleo la mwaka 2016.

Upande wa mtunzaji nao ulipewa mashine. Kuna programu zinazochungulia kila siku mahali pa mtungaji zione kama ametoa toleo jipya. Nyingine hujenga kifurushi kwa kila aina ya kompyuta. Nyingine hukijaribu na kutoa taarifa. Kazi iliyochukua siku nzima sasa huweza kwisha kwa saa chache.

Yafaa kukumbuka kwamba haya yote yalidhani kuna mtandao wa kudumu. Kwa Moshi, na kwa Afrika ya Mashariki nzima, dhana hiyo haikuwa kweli kwa muda mrefu. Kebo ya kwanza ya baharini ya SEACOM ilifika pwani yetu mwezi wa Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ilipitia kwenye setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mpaka mwaka 2011 waliotengeneza Ubuntu walikuwa wakipeleka sahani za programu bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, katika nchi yo yote. Sahani iliyofika kwa posta ilikuwa imekwisha pitwa na marekebisho ya miezi kadhaa. Mambo yamebadilika sana, hata Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania lilipeleka intaneti ya kasi mpaka Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Tena Linux yenyewe imekwisha enea mlimani bila kutajwa jina, kwa kuwa simu za Android zimejengwa juu ya kiini chake.

Walakini penye mtandao mwembamba ilizuka desturi ambayo Mchagga angeitambua mara moja. Badala ya kompyuta ishirini za ofisi moja kuleta kila moja nakala yake ya marekebisho yale yale, kompyuta moja huwekwa kuwa ghala dogo. Usiku, watu wasipotumia mtandao, hujaza vifurushi. Mchana, nyingine huchota humo. Hii ni nduwa kwa kila hali isipokuwa maji. Na kama ilivyo kwa nduwa, ikisahauliwa hujaa tope: diski hujaa, ujazaji hukoma, na kompyuta zote huendelea kuchota vitu vya zamani zikidhani kwamba hakuna vipya.

Hapa twafika kwenye kiini cha habari. Je, mashine zimemwondoa mtunzaji? Historia yajibu kwamba zimemhamisha tu mahali pake. Mifano miwili yatosha.

Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian, kwa nia njema, aliondoa mistari michache katika kifurushi cha OpenSSL, kwa kuwa chombo cha ukaguzi kilikuwa kikiinung'unikia. Kumbe mistari hiyo ndiyo iliyochanganya namba za kubahatisha ambazo funguo za siri hutengenezwa kwazo. Baada ya hapo, kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, kompyuta iliweza kutoa funguo 32,767 tu, idadi ambayo mwizi aweza kuijaribu yote. Mashine zilikisambaza kifurushi hicho kwa uaminifu, kikiwa na muhuri halali, na kosa halikugunduliwa mpaka Mei 2008. Dawa nayo ilisambazwa kwa njia ile ile. Walakini funguo walizokwisha jitengenezea watumiaji zilibidi kutengenezwa upya, na kila mtu kuarifiwa. Muhuri hushuhudia kwamba kitu kimetoka kwa fulani. Haushuhudii kwamba fulani hakukosea.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2024. Programu ndogo ya kubana mafaili, iitwayo xz, ilikuwa imetunzwa miaka mingi na mtu mmoja kwa kujitolea. Tangu mwaka 2021 alikuja mwingine aliyejiita Jia Tan, akileta viraka vyema, huku watu wengine wakimshurutisha mtunzaji wa kwanza, wakimlaumu kwa uvivu, mpaka yule mgeni akapewa madaraka. Mwezi wa Februari 2024 alitia mlango wa siri katika toleo la 5.6.0. Machi mwaka huo huo Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake kwa njia ya ssh kulichelewa kwa karibu nusu ya sekunde. Hakulipuuza jambo hilo dogo. Alilichimba mpaka akafikia mlango wenyewe. Vifurushi vilikuwa vimekwisha ingia katika magodauni ya majaribio ya Debian na Fedora, lakini havikuwa vimefika katika matoleo ya Debian yaliyothibitishwa, ambamo kila kitu hungojeshwa kwanza. Kilichowaokoa watu, basi, ni desturi ya kungoja na jicho la mtu mmoja mdadisi.

Katika sheria ya mfongo jambo hili lina mahali pake. Mgeni aweza kukubaliwa kupata maji, lakini hapewi upesi mamlaka ya kushika kizuizi cha juu. Na mwenye mfongo hatarajiwi kuchimba peke yake. Akichimba peke yake, wote wamekosa. Jamii ya xz ilikuwa na watumiaji wasiohesabika na mchimbaji mmoja. Kwa kipimo cha mlimani huo ulikuwa mfongo uliokwisha achwa, ijapokuwa maji yalikuwa bado yakipita.

Haya yaturudisha kwenye Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walianzisha mradi wa Kilinux wa kutafsiri programu huria. Mwishoni mwa mwaka huo walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye maagizo na menyu za Kiswahili. Lilikuwa tendo kubwa, kwani lilithibitisha kwamba lugha yetu yaweza kubeba msamiati wa kompyuta bila kuazima kila neno. Walakini tafsiri hiyo ilikuwa ya toleo la 1.1. Mwaka 2005 likatoka toleo la 2.0, mwaka 2010 jamii ya watengenezaji ikagawanyika na LibreOffice ikazaliwa, na kila toleo lilileta maagizo mapya na kubadili ya zamani. Tafsiri ya kitabu hubaki na kitabu chake. Tafsiri ya programu huachwa nyuma na programu yake isipotembea nayo, na mtumiaji huanza kuona menyu nusu Kiswahili na nusu Kiingereza, kisha huirudisha yote katika Kiingereza ili asichanganyikiwe. Leo Jambo OpenOffice ni habari ya historia.

Je, mashine haziwezi kuitunza tafsiri? Zaweza kwa kiasi. Programu nyingi za Linux hutumia chombo kiitwacho gettext, ambacho huweka sentensi za asili na tafsiri zake katika faili moja. Toleo jipya likija, mashine hulinganisha: sentensi isiyobadilika hubaki na tafsiri yake; sentensi mpya huachwa wazi; na iliyobadilika kidogo hupewa tafsiri ya zamani iliyo karibu nayo, pamoja na alama ya mashaka, na haitumiwi mpaka mtu aikague. Alama hiyo ya mashaka ni hekima kubwa. Tuseme agizo la zamani lilikuwa “Futa faili hili”, na jipya ni “Usifute faili hili”. Kwa mashine maneno hayo yafanana sana, yamepishana kwa herufi chache tu. Kwa mwenye faili yapishana kama usiku na mchana.

Kuna ugumu mwingine ambao msomaji wa jarida la Kiswahili atauona upesi kuliko fundi. Mtunga programu huandika sentensi moja yenye pengo, akikusudia mashine ijaze jina la kitu chochote kisha iseme kwamba kimefutwa. Kwa Kiingereza sentensi hiyo hufaa kila jina. Kwetu kitabu kimefutwa, picha imefutwa, ujumbe umefutwa, na faili limefutwa. Gettext hujua umoja na wingi, lakini haijui ngeli. Mtafsiri hana budi kutafuta umbo linalokwepa upatanisho, au kumwomba mtunga programu aigawanye sentensi yake. Na mazungumzo hayo hayafanyiki mara moja tu. Hufanyika kila sentensi mpya inapotungwa, na hudai mtu wetu awepo mezani.

Neno lenyewe nalo lastahili kuangaliwa. “Kusasisha” limejengwa juu ya “sasa”, na ni neno zuri. Walakini tukisema kwamba programu “inajisasisha”, kile kiambishi “ji” chaficha watu wengi: mtungaji, mtunzaji, mwenye ghala, mkaguzi na mtafsiri. Kisarufi programu yajitendea yenyewe. Kihistoria hakuna hata siku moja ambapo imejitendea. Kwa hiyo naona yafaa neno “kutunza” lishike nafasi ya kazi nzima, na “kusasisha” libaki jina la sehemu yake moja. Mtu akiajiriwa ili “asasishe”, atadhani kazi imekwisha mashine inapoanza kuifanya. Akiajiriwa ili “atunze”, atajua kwamba usiku wa mashine una asubuhi yake.

Mifongo yenyewe yatupa onyo. Katika karne ya 20 vijana wengi walitoka mlimani kwenda mijini kwa masomo na kazi. Sheria ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote chini ya Jamhuri, na matumizi yake yakahitaji kibali. Mabomba yaliingia, na mifongo mingi ikafa. Mingine ilijengewa saruji. Saruji hupunguza maji yanayovuja, na ni msaada wa kweli. Haiondoi mchanga uletwao na mafuriko, wala haiiti watu kazini. Mahali ambapo chama cha mfongo kilibaki hai, saruji ilikipunguzia jasho. Mahali ambapo hakuna aliyepanda tena korongoni, mfereji wa saruji nao huziba. Mashine za kusasisha ni saruji ya namna hiyo hiyo.

Basi, mradi wowote wa baadaye wa kutafsiri programu kwa Kiswahili ungefaa kuanza kwa kujibu mambo matatu ambayo mfongo huyajibu tangu zamani: nani atakuwa mwenye mfongo baada ya wachimbaji wa kwanza kuondoka, siku gani za mwaka watu wataitwa kazini, fedha za mradi zitakapokuwa zimekwisha, na wanaokunywa maji watadaiwa nini. Mashine za kuchungulia, kulinganisha na kusambaza zitumiwe zote, kwani zapatikana bure na hupunguza kazi sana. Lakini alama za mashaka zitarundikana ghalani kila mwezi, na ni kazi ya vyuo vyetu kuweka watu wa kuziondoa.

Mwisho, maneno ya Kichagga yahusuyo mifongo, ya sehemu zake, ya zamu, ya faini na ya kazi ya pamoja, hayafanani kutoka Rombo hata Vunjo, wala kutoka Moshi ya Kale hata Kibosho, Machame na Siha. Wanaoyajua vizuri ni wazee. Yafaa yakusanywe upesi, kwa faida ya historia ya mlima, na pia kwa sababu lugha yetu ingali ikitafuta maneno ya kutajia kazi ya kutunza vitu vya wengi.